Nyumba ya Kapteni Bertram: Sandarusi ya Mrima Ilivyofika Salem



Kurasa hizi za historia katika kijitabu chetu kwa kawaida huzungumzia majengo tunayoyajua kwa macho: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, Karavanserai, kanisa la Misheni, magofu ya Kaole. Mwaka huu naomba tutoke nje ya mji, tena tutoke mbali, twende Marekani katika mji wa bandari uitwao Salem, jimbo la Massachusetts. Huko, namba 370 mtaa wa Essex, ipo nyumba kubwa ya matofali iliyojengwa mwaka 1855 kwa mtindo wa Kiitaliano. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa meli, Kapteni John Bertram, na leo nyumba hiyo ni maktaba ya mji. Haikujengwa na mtu wa kwetu. Lakini ukiuliza fedha iliyoijenga ilitoka wapi, sehemu ya jibu iko kwenye mchanga mwekundu wa bara yetu, kwenye mashimo ya sandarusi.

Vijana wengi leo neno sandarusi wanalisikia kwa wazee tu, wengine hawajalisikia kabisa. Ni utomvu wa mti wa msandarusi uliodondoka na kufukiwa ardhini miaka mingi sana, mpaka ukawa mgumu kama jiwe na rangi yake ya asali. Misitu yenyewe mahali pengi ilikwisha kutoweka. Utomvu ukabaki chini. Wazee wetu wa Mrima, kuanzia Pangani hadi Rufiji, na hasa Wazaramo, waliuchimba kwa jembe mvua zikinyesha, ardhi ikiwa laini. Ile iliyochumwa juu ya mti au iliyokaa ardhini muda mfupi waliiita chakazi, nayo haikuwa na bei. Wafanyabiashara wa Kizungu waliokuwa Unguja hawakuweza kulitamka neno hilo. Wakalipotosha mpaka likawa neno la kwao lenye maana ya punda dume. Kwa hiyo katika vitabu vya biashara vya karne ya 19 utakuta sandarusi ya punda, na aliyeiandika hakujua kwamba anaandika Kiswahili kilichovunjika.

Sandarusi iliyokomaa ilikuwa mali. Ukiisafisha, ngozi yake ya nje inaonekana ina vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na hiyo ndiyo alama mnunuzi aliyoitafuta. Ikiyeyushwa pamoja na mafuta inatoa vanishi ngumu inayong'aa, na Ulaya na Marekani ya wakati ule ilikuwa na njaa kubwa ya vanishi: magari ya farasi, samani, milango, baadaye mabehewa ya reli.

Sasa tumwangalie huyo Bertram. Alizaliwa mwaka 1796 katika kisiwa cha Jersey, kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, na wazazi wake wakahamia Massachusetts akiwa mtoto. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alianza ubaharia akiwa kijana mdogo, na katika vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812 alikamatwa na Waingereza akafungwa. Baada ya vita alirudi baharini, akapanda cheo hadi kuwa nahodha, akafanya biashara ya ngozi Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa mwaka 1830 aliondoka Salem na meli iitwayo Black Warrior, akapita Madagaska hadi Unguja. Aliporudi mwaka 1832, meli ilikuwa imebeba shehena kubwa ya sandarusi ghafi, na udongo wake ukiwa bado umeishika.

Safari hiyo moja ilibadili mambo. Zamani sandarusi ya Mrima ilikuwa inapelekwa India, inasafishwa huko, ndipo inauzwa kwingine. Salem ikaamua kuisafisha yenyewe. Mwaka 1835 Jonathan Whipple alianza kazi ya kuosha sandarusi mjini humo. Vibarua waliiloweka katika maji ya magadi ili gamba lililooza litoke, wakaisugua, wakaikausha, wakaichambua kwa ukubwa na rangi. Kutoka Salem ilikwenda kwa watengeneza vanishi. Bertram, ambaye sasa aliacha unahodha na kuwa mwenye meli, alishirikiana na wafanyabiashara wengine wa mji huo, hasa Michael Shepard, na kwa miaka mingi kikundi hicho kiliongoza biashara ya Wamarekani Unguja. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan ulitiwa saini mwaka 1833. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Ubalozi na duka vilikuwa karibu kitu kimoja.

Walichotuletea sote tunakijua, maana jina lake bado limo midomoni mwetu: merikani. Kitambaa kile kizito cha pamba, kisichopaushwa, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na kuanzia mwaka 1847 Salem penyewe palikuwa na kiwanda kikubwa cha pamba kiitwacho Naumkeag. Merikani ilivaliwa, ilitandikwa, ilizikiwa watu, na huko bara ilikuwa fedha kamili. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulibeba majora ya merikani kama sisi leo tunavyobeba noti. Hapa lazima tuseme jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Pamba ya viwanda vile, hadi vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Kwa hiyo jora la merikani lilipofika pwani yetu, kununua pembe na sandarusi, lilikuwa tayari limepita katika mikono ya Mwafrika mmoja kabla ya kufika kwa Mwafrika mwingine.

Je, wachimbaji wa Mrima walipata nini? Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu kidogo. Sayyid Said aliuhifadhi mwambao wetu kwa makini. Mkataba wake na Waingereza wa mwaka 1839 uliandika wazi kwamba pembe na sandarusi za pwani kati ya Mtangata na Kilwa wageni hawataziendea wenyewe. Wamarekani nao, kwa vitendo, walikaa Unguja wakisubiri mali iwafuate. Mchimbaji alimuuzia mchuuzi wa pwani, mara nyingi Mhindi au Mwarabu aliyekuwa amemkopesha nguo tangu mwanzo. Mchuuzi akaipeleka kwa jahazi. Forodha ya Unguja, iliyokodishwa kwa Jairam Shivji, ikachukua chake. Ndipo frasila, yaani ratili 35 hivi, ikafika kwenye mizani ya Mmarekani. Kila mkono ulikata kipande. Mimi siko pamoja na wanaosema tuliibiwa, kwa sababu biashara ilikuwapo, na wapo watu wa kwetu waliofaidika nayo; nyumba za mawe za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa upepo. Lakini aliyekuwa mbali zaidi na shimo ndiye aliyebaki na sehemu kubwa zaidi, na mtaa wa Essex ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo.

Basi tuiangalie nyumba yenyewe.

Mtindo wa Kiitaliano haukutengenezwa na Waitaliano. Ulianza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, pale msanifu John Nash alipojenga nyumba ya shambani iitwayo Cronkhill, kwa kuiga nyumba za mashambani za Italia zilizochorwa na wachoraji. Malkia Victoria na mumewe Albert wakaupa mtindo huo heshima kubwa walipojenga nyumba yao ya Osborne kati ya 1845 na 1851. Marekani uliingia kwa vitabu, hasa vya Andrew Jackson Downing, ambaye kitabu chake cha michoro ya nyumba za mashambani kilitoka mwaka 1850. Ukawa mtindo wa watu waliofanikiwa karibuni. Una matawi mawili. La kwanza ni nyumba ya shambani isiyo na umbo sawa, yenye mnara. La pili ni nyumba ya mjini yenye umbo la sanduku, inayoiga majumba ya matajiri wa Florence na Roma: kuta zilizonyooka, madirisha marefu yaliyopangwa kwa mistari, mapambo mazito juu ya kila dirisha, paa lenye mteremko mdogo sana hata ukisimama chini hulioni, na kingo za paa zilizotokeza nje zikishikiliwa na viegemeo vya kuchongwa.

Nyumba ya Bertram ni ya tawi hili la pili. Kuta ni za matofali ya kuchoma, na mapambo yake ni ya jiwe la mchanga la rangi ya kahawia, jiwe ambalo matajiri wa miji ya kaskazini mashariki ya Marekani walilipenda mno katika miaka hiyo. Mlango wa mbele una ukumbi mdogo wenye nguzo, nawe unaufikia kwa kupanda ngazi. Kuielewa ni lazima ujue majirani zake. Matajiri wa Salem wa kizazi kilichotangulia, wale wa pilipili ya Sumatra na chai ya Uchina, walijenga nyumba nyembamba, tulivu, zenye mapambo membamba kama nakshi ya sonara. Kazi za fundi Samuel McIntire, aliyefariki mwaka 1811, bado zinasifiwa hadi leo. Bertram alijenga wakati bandari ya Salem imeanza kunyauka, meli kubwa zikihamia Boston. Nyumba yake ni nzito na pana, na ya wakati wake. Naisoma kama tamko la mtoto wa mhamiaji kwa familia kongwe za mji: nimefika, na sina haja ya kuiga nyumba za babu zenu.

Ukiilinganisha na nyumba zetu za zama zile zile utaona tofauti moja inayonifurahisha. Nyumba ya mawe ya Bagamoyo inaamuliwa na mti. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Boriti haivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3, kwa hiyo chumba nacho hakivuki hapo, hata mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani. Ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Kinachobeba nyumba, ndicho kinachoipa umbo. Kwa nyumba ya Kiitaliano, vile viegemeo chini ya paa vinajifanya vimebeba mzigo mkubwa, kumbe sehemu kubwa ni pambo. Na penye ngazi na nguzo zao, sisi tuna baraza. Kwenye ukumbi wa nguzo unabisha hodi na kusubiri kama utakaribishwa. Barazani unakaa tu, mwenye nyumba atakukuta.

Nisiwadanganye kwamba kila tofali la Salem ni sandarusi. Bertram alikuwa mtu wa mikono mingi. Alipeleka meli California wakati wa mbio za dhahabu za mwaka 1849, alifanya biashara ya mpira wa Brazil, na baadaye aliweka fedha katika reli za Marekani. Lakini Unguja na Mrima ndiko alikoanzia kujijenga, na hakuiacha biashara hiyo kwa karibu miaka 40. Pembe zetu nazo zilipita humo humo. Misafara ilizishusha Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Zikavuka kwenda Unguja. Zikaenda New England, na mwisho wake ni viwanda vya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, vilivyozikata kuwa vitana na vitufe vya piano. Jina la mji huo wa pili maana yake ni mji wa pembe.

Biashara ya Salem haikufa siku moja. Mwaka 1861 serikali ya Marekani iliweka ushuru kwa sandarusi isiyosafishwa, na kazi ya kuosha pale Salem ikapoteza maana; sandarusi ikawa inaoshwa Unguja kabla ya kupakiwa. Mwaka huo huo vita vyao vilianza, pamba ikaadimika, merikani ikapanda bei, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi sokoni kwetu. Meli ya mwisho kutoka Unguja kutia nanga Salem ilikuwa Glide, mwaka 1870. Ilikuwa mali ya Bertram. Aliyeufungua mlango ndiye aliyeufunga.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Mzee huyu alitumia miaka yake ya mwisho kugawa. Mwaka 1873 alianzisha hospitali ya Salem kwa fedha na jengo alilotoa mwenyewe. Akasimamisha makazi ya wazee wanaume wasio na wa kuwatunza. Alifariki mwaka 1882, na mwaka 1887 warithi wake wakaikabidhi nyumba ya mtaa wa Essex kwa mji, kwa ajili ya maktaba ya watu wote bila malipo. Ilifunguliwa mwaka 1889. Baadaye nyumba iliongezwa kwa nyuma ili vitabu vipate nafasi, lakini uso wake wa mbele wa Kiitaliano ulibaki. Mjukuu wake, Caroline Emmerton, alinunua mwaka 1908 nyumba kongwe ya mbao iliyosifika kwa riwaya ya Nathaniel Hawthorne, akaikarabati, akaifungua kwa watazamaji mwaka 1910, na kiingilio akakitumia kuwasomesha na kuwasaidia wahamiaji maskini wa mtaa ule. Hadi leo nyumba hiyo inaingiza watu.

Sisi tunaojua kuomba michango tuitazame hesabu hii bila hasira na bila kujidharau. Fedha iliyotoka kwenye mashimo ya Uzaramo na kwenye mabega ya wapagazi ilijenga nyumba, na nyumba ikawa hospitali ya mtu mmoja, shule ya mwingine, maktaba ya mji mzima, lakini kule. Huku zilibaki nyumba za mawe, na nyingi kati yake zimeanguka: ukuta wa matumbawe ukikosa chokaa unakunywa mvua, boriti inaoza, sakafu ya juu inashuka, na baada ya hapo ni mwembe ndani ya magofu. Bagamoyo iko katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, kama mwisho wa njia ya misafara ya watumwa na pembe. Orodha hiyo haitaji sandarusi katika kichwa chake. Nafikiri ni upungufu, kwa sababu watumwa na pembe walipita kwetu wakitoka mbali, lakini sandarusi ilikuwa yetu wenyewe, ya ardhi yetu.

Barua na vitabu vya safari za manahodha wa Salem vimehifadhiwa vizuri. Sehemu yake ilichapishwa kitabu tangu mwaka 1965, na nyingine zimo katika maktaba ya Phillips, iliyo chini ya jumba la makumbusho la Peabody Essex. Ndani yake utakuta bei za frasila, majina ya meli, malalamiko juu ya merikani iliyolowa maji ya chumvi, ugomvi na forodha. Mchimbaji hana jina. Anaonekana pale tu sandarusi inapochelewa, nahodha akilalamika kwamba watu wa Mrima hawakuchimba msimu huu.

Kwa ndugu zetu walioko Boston, Salem ni nusu saa tu kwa treni, na maktaba haitozi kiingilio. Mkienda, piga picha uso wa nyumba, kona za kuta, na zile kingo za paa, mtuletee tuziweke pamoja na picha za Mji Mkongwe. Na kwa walioko nyumbani kuna kazi kubwa zaidi. Kuanzia Zinga, Kiromo na Kerege hadi ndani kuelekea Ruvu, wapo wazee ambao babu zao walichimba. Wengine bado wanajua sehemu yalipokuwa mashimo, majina ya aina za sandarusi, na namna ya kuitambua chakazi kwa kuisugua na kidole. Atakayekaa na mzee wa namna hiyo aandike anayoyasema, kwa maneno ya mzee mwenyewe, pamoja na jina lake na la kijiji chake, amkabidhi katibu wa chama kabla ya mkutano wa mwaka ujao.